Kodi ya Mabua

Wasike alifunga geti la shamba kwa waya, akauzungusha mara saba, kisha akasimama nyuma yake akiwa na tai shingoni. Tai ya nini, Mungu ndiye ajuaye. Waliokuwa wanakuja walikuwa mbuzi.

Walikuja kama walivyokuja kila mwaka mahindi yakishavunwa, sitini na wawili, vumbi la Kitengela limewapanda hadi masikioni. Wa kwanza akasukuma geti kwa paji la uso, akaona halisogei, akabaki pale akimwangalia Wasike. Wenzake wakamjazia nyuma. Ilikuwa Februari ya mwaka 2000. Mvua ya vuli ilikuwa imenyesha siku nne ikakata, na kutoka barabara ya Namanga hadi hapo hukuona kitu cha mbuzi kutia mdomoni isipokuwa mabua ya ile ekari moja.

Mwenye mbuzi, mzee Sironka, akafika nyuma yao, shuka begani na koti la mtumba juu yake.

"Sopa, Wasike."

"Epa, mzee."

"Waya imeshika geti."

"Ni mimi nimefunga."

Sironka akacheka, maana alidhani huo ni mzaha wa watu wa Bungoma. Alipoiona ile tai akaacha kucheka.

"Mzee, mambo imebadilika," Wasike akasema, kwa sauti ileile aliyoitumia kwa madereva pale stoo ya kiwanda, enzi za kazi yake, akiwaambia warudi kesho. "Nimetoka semina huko Kajiado, siku tatu. Tumefundishwa kilimo ya kurudishia udongo uhai. Kila kitu imetoka kwa shamba inarudi kwa shamba. Nikikupatia mabua, nimekupatia damu ya udongo."

"Lakini mabua ndio kodi. Shamba ni yangu, mahindi ni yenu, mabua ni ya mbuzi. Ndio tulisema."

"Mlisema na nani?"

Sironka akaelekeza fimbo kwa Nanjala, mke wa Wasike, aliyekuwa amesimama katikati ya mabua na panga mkononi, hajui aangalie wapi kwa aibu.

"Kuna karatasi?" Wasike akauliza.

"Karatasi ya mabua?"

"Makubaliano yoyote inakuwanga na karatasi, mzee wangu."

Sironka hakubishana. Aliwapigia mbuzi mluzi waondoke, wakakataa. Ikabidi awachape, kitu ambacho hakuwahi kufanya mbele ya geti lile, na akawa anawachapa huku akiwaomba msamaha kwa Kimaasai.

Makubaliano yalikuwepo, tena ya miaka sita. Nanjala aliyafanya na mke wa Sironka, ambaye kila mtu alimwita Yeiyo, yaani mama, wakiwa kwenye foleni ya maji, kila mmoja na mtungi wake. Siku hizo Wasike alikuwa karani wa stoo katika kiwanda kimoja Athi River, akitoka nyumbani kabla ya jua na kurudi baada ya jua, na shamba kwake lilikuwa jambo ambalo wanawake hufanya ili wasikae bure. Kila mwaka mbuzi waliingia majuma mawili. Walikula mabua, wakalala humohumo ndani ya ua wa miiba, na Yeiyo akamfundisha Nanjala kuhamisha ule ua kila siku ya tatu ili kila pembe ya shamba ipate mavi yake na mkojo wake. Mbuzi wakiondoka, Nanjala alikokota yale mabaki yaliyokanyagwa hadi kwenye shimo, akayamwagia maji ya vyombo na ya kuoga, akafunika kwa magunia, akageuza, akafunika tena. Kufikia siku za kupanda ilikuwa mboji nyeusi, inavunjika mkononi.

Udongo wa Kitengela mnaujua. Jua likiwaka unapasuka hadi unameza kisigino, mvua ikinyesha unakuvua viatu. Katika ekari ile ulikuwa umeacha tabia hizo. Nanjala hakuwa na jina la kazi hiyo, alisema tu anafagia shamba. Wasike hakuwa amewahi kuuliza.

Kisha Novemba kiwanda kikampa barua ya kumshukuru kwa miaka kumi na minne, na shamba likageuka kuwa mradi.

*

"Baba Elsie, umenivunjia heshima," Nanjala akasema wakiwa ndani, Wasike akibandika ukutani chati ya semina kwa misumari minne. "Yule mzee hajawahi kuniitisha hata shilingi. Nitapita wapi kwenda kuteka maji?"

"Utapita njia. Hebu angalia hapa." Akagonga chati kwa kalamu. "Huu ni mduara. Unaona pahali umekatika? Hakuna. Wewe kila mwaka ulikuwa unakata mduara unapatia mbuzi."

"Mbuzi walikuwa wanarudisha."

"Wanarudisha nini?"

"Mavi, Baba Elsie. Wanarudisha mavi! Hiyo mabua yako bila samadi na bila maji ni kuni. Itakaa hapo mpaka Yesu arudi."

Wasike akatabasamu, tabasamu la mtu mwenye cheti. Kwa kweli kwenye chati samadi ilikuwepo, tabaka la tatu, imechorwa kwa rangi ya kahawia. Dalmas, afisa wa shirika aliyeendesha semina, alisema waitafute kwa majirani. Lakini alisema hayo karibu na saa ya chakula, na Wasike hakuandika. Alichoandika, akakipigia mistari miwili, ni kwamba shamba lenye mlango wazi ni shamba la hasara.

"Na ikikataa?" Nanjala akauliza.

"Haiwezi kukataa. Ni sayansi."

"Nauliza ikikataa. Kwa sababu hatuna kitu ingine. Mahindi ya hapo ndio tunakula, na ndio inasomesha Elsie. Ikikataa ni Bungoma, kwa kaka yako."

Wasike akagongomea msumari wa mwisho. Kaka yake mkubwa alikuwa ameshawatengea chumba kando ya zizi, na kila mwezi alituma salamu akiuliza, kwa upole wa kuudhi, kama mambo ya mjini yamefika mwisho. Wasike angekula ile chati kwa chumvi kuliko kulala kwenye chumba hicho.

*

Rundo likajengwa nyuma ya nyumba, kwenye ploti yao ndogo iliyopakana na shamba. Lilikuwa rundo zuri, tusimnyime mtu haki yake. Lilipimwa kwa futi, likanyooshwa kwa kamba, likawekwa fimbo ndefu katikati kama chati ilivyoagiza. Fimbo hiyo ndiyo kipimo: ukiichomoa na kuikuta ya moto na yenye unyevu, mboji inaiva. Wasike aliichomoa kila asubuhi kabla ya chai. Ilitoka kavu na baridi, siku baada ya siku, naye akairudisha taratibu.

Machi ikapita. Aprili mvua haikuja kabisa. Maji kibandani yakapanda bei hadi Nanjala akaanza kuosha vyombo kwa maji ya jana. Sasa hata Wasike alijua kwamba rundo linataka samadi, akajikaza siku moja akaenda hadi boma la Sironka. Alikuta lori. Kimani, mfanyabiashara wa samadi kutoka Limuru, alikuwa ameshapakia hadi juu.

"Hii yote imelipiwa," Kimani akamwambia. "Mzee alikuwa anakataa kuuza miaka yote, eti iko na wenyewe. Mwaka huu amekubali."

"Nahitaji magunia mawili tu."

"Naweza kukuuzia. Pamoja na ya usafiri."

"Usafiri wa wapi? Si naishi hapo tu!"

"Sasa lori ya kutoka Limuru itajuaje hapo tu?"

Wasike akalipa, na magunia mawili ya mavi ya jirani yakaletwa kwake kwa lori, hatua mia mbili, huku Yeiyo akiwa amesimama kwenye lango la boma lake akiangalia. Hakucheka. Wasike angependa kama angecheka. Aliyanyunyiza yale magunia juu ya rundo, yakapeperushwa na upepo kabla ya Jumapili. Mchwa nao wakaja kutoka chini, kimyakimya, wakaanza kazi yao.

*

Mwezi Juni Dalmas akatuma ujumbe kwamba anawaleta wageni kumtembelea mkulima wa mfano. Wasike alimwambia Nanjala aazime vikombe.

"Unawaonyesha nini?" Nanjala akauliza. "Chomoa hiyo fimbo uone. Juzi imetoka na mchwa."

"Wewe pika chai."

Akapika chai. Yaani, alibandika sufuria ya maji jikoni, akageuka kutafuta majani, aliporudi sufuria haipo. Akamkuta mumewe nyuma ya nyumba, tai begani, ameichovya fimbo ya rundo ndani ya maji yanayochemka, anahesabu kwa sauti ya chini.

"Wasike!" Hakuwa amemwita kwa jina tangu waoane.

"Nyamaza, wamefika barabarani."

"Hiyo ni maji ya chai ya wageni! Na ndiyo ya mwisho!"

Wasike akairudisha fimbo rundoni, akafuta mikono, akatoka kuwapokea.

Tungependa kusema aliumbuka. Hapana. Wageni walikuwa sita, mmoja mzungu mwenye kamera, na walikuwa na haraka kwa sababu walitarajiwa Illasit kabla ya jioni. Walikwenda moja kwa moja kwenye rundo. Dalmas akachomoa fimbo, akaishika, akapiga ukelele.

"Moto! Shikeni nyinyi wenyewe! Na imelowa! Hakuna mvua tangu lini? Bwana Wasike, umetumia samadi ya nani?"

"Kidogo sana," Wasike akasema. "Ni mduara tu. Nilifunga geti."

Wageni wakaishika fimbo mmojammoja, wakapiga makofi. Mzungu akauliza ni nani mwingine anayefanya kazi hapo. Wasike akamwonyesha Nanjala, ambaye alikuwa amesimama mlangoni na vikombe vitupu. "Huyo ni mama. Ananisaidia na mambo madogomadogo." Akapigwa picha na fimbo, kisha akakabidhiwa wilibaro mpya ya bluu, na Dalmas akaandika kwenye daftari lake kwamba hata mahali pakavu bila mifugo inawezekana kabisa. Wakaondoka bila kunywa chai, jambo ambalo Wasike alilihesabu kuwa bahati.

Jioni ilimkuta Nanjala jikoni. Alikaa kwenye kigoda akilia, si kwa sauti, akimenya viazi vitatu.

"Si umeona tumepewa wilibaro?" Wasike akajaribu.

"Ya kubeba nini?"

*

Habari za fimbo zilifika kote, na zilifika pia kwa Sironka. Mwezi Agosti alikuja mwenyewe, akakataa kiti, akakaa kwenye jiwe. Alikuwa amepungua. Nanjala akamsalimu akiwa ameinamisha kichwa, mzee akamgusa utosini kama mtoto wake.

"Nimesikia mmefaulu," akasema. "Nimefurahi. Wamesema hata mbuzi hamhitaji tena."

"Mzee, hiyo si..." Nanjala akaanza.

"Tulijaribu, mzee," Wasike akamkatiza.

"Vizuri. Mimi mbuzi wangu wamebaki kumi na tisa. Nilinunua marobota ya nyasi. Nikauza samadi, nikanunua nyasi. Nikauza mbuzi, nikanunua nyasi ya mbuzi wengine. Sasa imefika mahali sina cha kuuza." Akaelekeza fimbo shambani. "Ile ekari nimeuza. Kuna mama mmoja wa Nairobi anataka kujenga. Nilisema nije niwaambie kabla hamjaona watu na kamba za kupima."

Nanjala akaketi chini palepale alipokuwa amesimama. Miaka sita ya mgongo wake ilikuwa nje ya ua wa ploti yao, ndani ya udongo ule, na mtu alikuwa ameinunua bila kujua ipo.

"Haiwezekani!" Wasike akaruka. "Tumekuwa hapo miaka sita! Kuna makubaliano!"

"Ndiyo," Sironka akasema. "Yalikuwa."

"Basi huwezi kuuza juu yetu. Sheria inasema..."

"Niko tayari kusikia, Wasike. Wewe ndiye unajua. Nionyeshe karatasi." Hakuwa anamdhihaki. Aliuliza kwa matumaini kabisa, kama mtu ambaye angefurahi karatasi ipatikane imzuie.

Wasike akaangalia ukutani, akaona chati. Akakaa.

"Ungetuambia tu," Nanjala akasema, machozi yanamtiririka. "Ungetuambia mbuzi wanakufa. Ningekata hiyo waya na meno."

"Mama Elsie, mbuzi walikuwa hapo getini. Mliwaona."

*

Mnunuzi aliitwa Mwihaki, mwenye duka la vitambaa mjini, mwanamke mchangamfu aliyewasalimu majirani wote siku ya kwanza na kuwaletea mkate. Hakuwa na ubaya wowote. Hilo liliwatia uchungu zaidi, maana hata wa kumchukia hawakumpata. Wasike alipewa kibarua cha kulinda mbao na simenti, analipwa kila Jumamosi, na kwa kweli hicho ndicho kilichowazuia kupanda basi la Bungoma mwezi ule. Alikuja kazini bila tai.

Kisha wachimbaji wakaanza msingi. Kitengela huwezi kujenga juu ya udongo mweusi, nyumba itapasuka. Unauchimba wote unautupa, unajaza murram, changarawe nyekundu isiyopasuka. Kimani alikuwa amekodishwa na lori lake kubeba uchafu huo hadi kwenye korongo la mbali, kwa kuwa samadi ya kubeba ilikuwa imekwisha Kajiado nzima.

Nanjala alisikia majembe akiwa ndani. Alijiambia hatatoka, akatoka. Akasimama mpakani akiona ile ekari inakatwa vipande na kurushwa ndani ya lori, nyeusi, laini, na minyoo bado imo ndani mwaka ambao hapakuwa na mnyoo popote.

Fundi mkuu alikuwa ndani ya shimo, amekasirika. Aliingiza chuma cha kupimia, kikazama. Akasogea hatua tatu, kikazama tena.

"Hii ni nini sasa?" akafoka. "Kwa jirani ukipiga futi moja unagonga kitu. Hapa nimeenda futi mbili bado ni laini! Mama Mwihaki, hii itakula murram lori nne zaidi. Hii udongo mtu ameiharibu!"

"Ameiharibu aje?" Mwihaki akauliza.

"Amelegeza yote! Ameweka uchafu sijui wa mbuzi, sijui wa nini, miaka na miaka. Hii si kazi ya mwaka moja." Akageuka kwa mlinzi. "Wasike, si wewe ni wa hapa? Nani alikuwa anaharibu hapa?"

Wasike alimwangalia fundi, akamwangalia Mwihaki ambaye Jumamosi angemlipa, akaangalia lori. Kisha, kwa mara ya kwanza tangu walipohamia Kitengela, akakiri mbele za watu lile shamba lilikuwa la nani.

"Ni mke wangu," akasema. "Ni yeye peke yake. Mimi sikuweka mkono."

Wote wakageuka kumwangalia Nanjala. Alikuwa amejifunga leso kiunoni, na alikuwa ameyasikia yote. Akamwangalia mumewe kitambo kirefu, na Wasike akainamisha kichwa.

"Ni kweli," Nanjala akasema. "Ni mimi."

"Basi umeniingiza hasara, mama," Mwihaki akasema, lakini kwa upole.

"Pole sana." Akapanguza uso kwa ncha ya leso, akamgeukia Kimani aliyekuwa ameshawasha injini. "Kimani, hiyo unapeleka wapi?"

"Korongoni. Kilomita saba kwenda, saba kurudi."

"Mwaga hapa kwangu."

"Wapi? Hapo kwa mlango?"

"Kwa mlango, kwa dirisha, pahali lori itafika. Lori zote."

Kimani akapiga hesabu ya dizeli, akacheka kwa furaha, akarudi nyuma papo hapo. Mzigo wa kwanza ukashuka juu ya rundo la Wasike, mabua na fimbo vikapotea chini yake. Wa pili ukafika hadi kizingiti. Kufikia saa tisa hukuona ukuta wa jikoni, na Nanjala alikuwa juu ya udongo wake, jembe mkononi, anausawazisha. Yeiyo alikuwa amekuja kutoka bomani bila kuitwa, akaweka gunia la mavi ya mbuzi chini, naye akaanza kuvuta kwa mikono. Wasike akaisukuma ile wilibaro ya bluu hadi karibu nao, akasimama, hakuna aliyemwambia aondoke wala aanze, mpaka akainama mwenyewe akaanza kupakia.

Mwihaki alikuja mpakani kuona. Ilimsumbua kwamba amejenga kwake kwa kuchafua kwa mwingine.

"Aki mama, takataka yote hii mpaka mlangoni," akasema. "Sasa utaifanyia nini?"

Nanjala hakuinua kichwa.

"Nitaendelea kuiharibu," akasema.